Huyo binadamu aliyeiharibu bahari ni nani?

Nzuguni, Jumapili jioni

Najua nimepotea. UE zilinibana, zilipoisha nikaingia fildi, na bando nalo likawa la kuombaomba. Leo nimerudi, ila nimerudi na hasira, na hasira yenyewe ni ya bahari. Ndiyo, bahari, tena kutoka Nzuguni, mahali ambapo maji ya chumvi pekee tunayoyajua ni yale ya kisima cha mwenye nyumba wetu, yanayokataa hata kutoa povu la sabuni.

Ngoja nieleze ilivyoanza.

Kwa msiopajua hapa, Nzuguni ndipo vilipo viwanja vya Nane Nane vya Dodoma. Kutoka geto letu ni mwendo wa mguu tu, kwa hiyo mimi na mwenzangu wa chumba tukaamua kwenda kuzurura. Mwenzangu huyu ni mtoto wa Jambiani, Unguja. Amekuja kusoma huku kwenye vumbi na upepo, na mpaka leo akiamka asubuhi analalamika midomo inampasuka. Tukazunguka, tukaangalia ng'ombe, tukapanda juu ya trekta ambalo hata tairi lake hatuwezi kulinunua, mwisho tukafika kwenye kibanda cha kina mama waliokuwa wanauza sabuni ya mwani. Pembeni walikuwa wameweka mwani mkavu ili watu wauone.

Mama mmoja wa Kigogo akachukua fungu, akalinusa, akauliza, "Huu ni mlenda wa wapi?" Tulicheka wote, hata muuzaji. Mwenzangu akamjibu kwa adabu zake zote za Kiunguja: "Huu si mlenda, mama. Huu twapanda baharini, kwa vijiti na kamba. Ndio ulionisomesha mie." Yule mama akauangalia tena, safari hii kwa heshima.

Hapo hakuna ubaya. Ubaya ulikuja kwenye hema la jirani. Kijana mmoja na maiki yake alikuwa anatoa mada ya mazingira. Akasema bahari inapata joto, matumbawe yanakufa, samaki wanahama. Sawa kabisa. Kisha akapandisha sauti: "Na aliyefanya haya ni nani? Ni sisi binadamu! Sote tumeiharibu bahari! Sote tunawajibika!" Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, nisiwe mnafiki. Mwenzangu hakupiga.

Njiani kurudi kimya. Tulipofika karibu na stendi akaniuliza, "Hebu nambie, mama'angu binadamu?"

Nikasema ndiyo, sasa hilo nalo swali?

"Na mwenye visima vya mafuta, naye binadamu?"

Ndiyo.

"Basi deni lao moja?"

Jamani, sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika.

Nianze na huyo mama, kwa sababu habari yake si ya familia moja tu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, huko huko Paje na Jambiani. Kabla ya hapo msomi wetu Profesa Keto Mshigeni alikuwa ameshatumia miaka mingi akiuchunguza mwani wa pwani yetu na kuwaambia watu kwamba yale majani ni mali. Kina mama wakaingia majini. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanahesabiwa kwa maelfu kwa maelfu, na wengi mno kati yao ni wanawake. Kwa fedha za kigeni mwani hutajwa baada ya utalii na karafuu. Ukipiga mswaki au ukila aiskrimu, kuna uwezekano umeonja ute wake, maana viwandani hutumika kushikilia vitu visitengane.

Sasa, mwani wanaopanda ni wa aina mbili. Kuna mwembamba na kuna mnene, ule wataalamu wanaouita kotonii. Mnene ndio wenye bei. Mnene pia ndio wenye deko: hautaki maji ya moto. Kuanzia miaka ya 2000 ukaanza kufa. Matawi yanageuka meupe kama barafu, yanalainika, yanakatika, mama anakuja maji yakitoka wakati wa bamvua anakuta kamba tupu. Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti wake katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Zanzibar, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kwenye jambo hili. Na hakuishia kuandika makala za wasomi wenzake. Alikaa na wale kina mama, wakajaribu kupanda mwani mnene kwenye maji ya kina zaidi ambako kuna ubaridi, ndani ya neti ndefu zenye umbo la mrija ili mawimbi yasiukate. Na wakajifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni, maana bei ya mwani mkavu haitoshi. Ile sabuni iliyofika Nane Nane Nzuguni ina historia hiyo nyuma yake.

Lakini sikilizeni kikwazo. Ukihamia kwenye kina unahitaji chombo, na unahitaji kujua kuogelea. Wengi wa kina mama hawa, waliozaliwa mita mia mbili kutoka baharini, hawajui kuogelea, kwa sababu walipokuwa wasichana hakuna aliyewafundisha. Kwa hiyo wengi wamebaki kwenye kina kifupi na mwani mwembamba wa bei ya chini. Mama yake mwenzangu ni mmoja wao. Kilo zile zile, mgongo ule ule, pesa pungufu. Ada ya mdogo wake mwenzangu ndiyo inayopungua pale.

Halafu mtu na maiki yake anasema sote tumeiharibu!

Nataka tuelewane. Sibishi sayansi. Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililotokana na hewa chafu tunayoilundika angani, na karibu robo ya kabonidayoksaidi tunayoitoa. Ametufichia aibu yetu huyu mama bahari, na sasa amechoka. Maji yake yamezidi uchachu kwa kiasi cha asilimia 30 hivi tangu viwanda vianze. Mwaka 1998 joto la baharini liliua kama asilimia 16 ya matumbawe ya dunia, ya kwetu yakiwemo. Likarudi tena mwaka 2016. Mwaka 2024 wanasayansi wakatangaza tukio la nne la dunia nzima la matumbawe kupauka, Tanzania ikiwemo kwenye orodha, na kufikia mwanzoni mwa 2025 joto hilo lilikuwa limeshagusa asilimia 84 ya eneo lote la matumbawe duniani. Hayo hayana ubishi.

Ugomvi wangu ni na lile neno "sote". Kwenye sentensi hiyo niliyoiandika hapo juu nimesema "tunailundika". Nani? Bara zima la Afrika, lenye karibu mtu mmoja kati ya kila watano duniani, linatoa karibu asilimia 4 tu ya kabonidayoksaidi ya dunia. Tanzania peke yake haifiki hata asilimia moja. "Sote" ni neno zuri kanisani na msikitini, linatunyenyekeza. Kwenye hesabu ya deni ni neno la ujanja. Kijijini kwetu mtu akichoma moto shamba la jirani, baraza halikai likasema "sisi binadamu tumechoma". Linauliza kiberiti kilikuwa cha nani, na nani alikuwa amelala wakati yeye ndiye mlinzi. Deni la wote halina wa kulilipa, nanyi mnajua.

Haya. Najua wengine wenu mmeshaanza kutabasamu, mnasema safi sana, wapige wazungu hao. Ngojeni kwanza, na sisi tuna zamu yetu.

Tanzania tulivua kwa baruti tangu miaka ya 1960. Sheria iliikataza mwaka 1970, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 ikarudia kuikataza, lakini milipuko iliendelea mchana kweupe. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani nzima ya bara wakiwa na vinasa sauti vya chini ya maji. Kwa safari ya kama mwezi mmoja walinasa milipuko 318, na zaidi ya nusu ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Yaani karibu na ofisi zote, karibu na askari wote. Bomu moja linaua samaki wakubwa na vifaranga, na linabomoa tumbawe lililochukua miongo kujijenga. Tumbawe hilo hilo ndilo tunalolitegemea lihimili joto. Huwezi kumvunja mtu miguu halafu ukashangaa mbona hakukimbia mafuriko.

Na hii ndiyo sehemu inayonichoma mimi mtu wa bara: ile baruti haikuota baharini. Sehemu yake ilikuwa inavuja kutoka migodini, kwenye machimbo ya kokoto na kwenye ujenzi. Ilisafiri kutoka huku kwetu kwenye mawe kwenda kule kwenye maji. Kwa hiyo anayesema "Dodoma hatuna bahari" angeniambia kama tuna baruti.

Lakini mwaka huo huo wa 2015 serikali iliunda kikosi kazi kilichokusanya polisi, watu wa uvuvi, wa misitu, wa wanyamapori na wa mazingira. Wakafuatilia wauzaji wa baruti badala ya kumkimbiza mvuvi peke yake. Miaka michache baadaye milipuko ilikuwa imepungua mno. Mnaona? Jambo lililodumu kama nusu karne, tukaambiwa ni mazoea ya watu wa pwani, ni umaskini, ni tabia ya binadamu. Lilipopewa majina na anwani likapungua. Angetafutwa "binadamu" kwa ujumla, wangekuwa wanalipua mpaka leo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo najua litanigombanisha na baadhi yenu, hasa mnaosubiri ajira. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Urefu kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Linapita mikoa minane ya kwetu, Dodoma ukiwemo. Wenye hisa ni TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda 15, TPDC yetu 15, na CNOOC ya China 8. Limepangwa kupitisha mapipa zaidi ya 200,000 kwa siku, na mwisho wake ni kwenye pwani ile ile ya Tanga ambako mwaka 2009 tulitenga hifadhi ya bahari kwa ajili ya silikanti, yule samaki wa kale ambaye dunia ilidhani ameshatoweka.

Mtaniuliza: kwani wao walipojenga nchi zao kwa mafuta na makaa ya mawe nani aliwazuia? Swali la haki kabisa, na mimi sina raha ya kumwambia kijana wa Chemba au Kondoa aache kibarua. Ninachosema ni kimoja tu. Tukishachukua asilimia 15, basi tuchukue na asilimia 15 ya lawama, tuiandike kwenye vitabu vyetu kama tunavyoandika faida. Hatuwezi kwenda kwenye mikutano ya dunia tukiwa na mama wa mwani kwenye picha ya mbele, tuombe fidia kwa jina lake, huku mfukoni tuna hisa za kinachompashia maji moto. Na kama fedha ya bomba itapatikana, wa kwanza kwenye foleni awe yeye. Boti. Neti. Mwalimu wa kuogelea. Vitu hivyo havihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

"Lakini wewe uko Dodoma, bahari inakuhusu nini?" Hili nimeulizwa na mwanadarasa mwenzangu, msomi kabisa wa mwaka wa tatu. Nikamwambia angalia juu. Dodoma tunapata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, msimu mmoja tu, ukikosea umekosea. Sehemu kubwa ya unyevu ule inatoka Bahari ya Hindi. Wanasayansi wamegundua, tangu mwaka 1999, kwamba bahari hii ina kama mzani: upande wetu wa magharibi ukipata joto kuliko kawaida na upande wa Sumatra ukapoa, Afrika Mashariki inanyeshewa kupita kiasi. Mzani ukigeuka, tunakauka. Mwaka 2019 ulielemea upande wetu kwa nguvu, tukaona mafuriko ya ile vuli. Mwaka 2023 ukaelemea tena, na El Niño juu yake, na tarehe 3 Desemba mwaka huo matope ya mlima Hanang yakawafunika jirani zetu wa Katesh, zaidi ya watu 80 wakafa. Sisemi bahari ndiyo iliyoporomosha mlima, mlima una mambo yake. Nasema yale maji yalitoka mahali.

Na wazee wa Mpwapwa wanakumbuka mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, msimu mwingine wa El Niño, mafuriko yalipoing'oa reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe. Bahari ilikuja mpaka huku. Haikubisha hodi.

Zaidi ya hapo, sheria za bahari zinapigiwa kura wapi? Si Kigamboni, si Kilwa. Ni hapa, dakika chache kwa daladala kutoka ninapoandika. Bajeti ya uvuvi ya bara inasomwa hapa. Kwa hiyo mkazi wa Dodoma anayesema bahari haimhusu ni sawa na mpishi anayesema chumvi ya mchuzi haimhusu.

Sasa nije kwetu wanachuo, maana sitaki kumaliza kwa kuwapigia kelele watu wakubwa halafu nikaenda kulala. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini walikaa wakajiuliza swali lile lile la mwenzangu: deni hili ni la nani? Hawakuwa na fedha, visiwa vyao vinamezwa na maji. Wakaamua swali lao lifikishwe kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Serikali ya Vanuatu ikalibeba, mwaka 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalipeleka, na tarehe 23 Julai 2025 majaji, kwa kauli moja, wakatoa maoni yao: nchi zina wajibu wa kisheria kuzuia madhara makubwa kwa tabianchi, na nchi inayovunja wajibu huo inaweza kudaiwa hata fidia. Mwaka mmoja kabla, Mei 2024, Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari nayo ilikuwa imesema kwamba hewa hizi zinazopasha dunia joto ni uchafuzi wa bahari, kama ulivyo uchafuzi mwingine, na nchi zinatakiwa kuuzuia.

Wanafunzi 27! Sisi darasani kwetu tuko zaidi ya mia mbili, na asaiment yetu ya mwisho ya mazingira wengi tuliinakili kutoka kwa mtu mmoja (nami nimo, mwalimu akisoma hapa anisamehe). Wote tuliandika sentensi moja: "Shughuli za binadamu ndizo chanzo cha uharibifu wa bahari." Tukapewa alama zetu, tukasahau.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mtu akikwambia "shughuli za binadamu", muulize binadamu gani, shughuli gani, hisa asilimia ngapi, sheria namba ngapi, nani alipaswa kulinda. Muulize mbunge wako, wako hapa hapa mjini. Na wewe mwenyewe ujiulize, maana ule mfuko wa plastiki uliopigwa marufuku tangu Juni 2019, bado nimeuona sokoni wiki hii, na aliyeupokea hakuwa mzungu.

Jana jioni mzee mwenye nyumba wetu alikuwa nje ameketi na redio yake. Nikamsalimia, shikamoo babu. Marahaba, mjukuu wangu. Akaniuliza ninyi mnaosoma, mwaka huu mvua itakuja lini, nataka kujua nipande uwele au nijaribu mahindi. Nikamweleza ule mzani wa bahari, taratibu, kama nilivyowaeleza ninyi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na huyo anayeyapasha moto hayo maji, mmeshamwambia?"

Nikamwambia bado, babu. Ndiyo kwanza tunamtafuta jina.

Basi kwa leo naishia hapa, bando linanitazama kwa jicho baya. Mwenzangu anawasalimu. Anasema anayetaka sabuni ya mwani aseme, mama yake atatuma. Alamsiki.